Fimbo au Dagaa: Ulinganisho wa Njia za Kumwachisha Mtoto wa Mbwa Tabia Mbaya

Anayeleta nyumbani mtoto wa mbwa wa miezi miwili hutambua ndani ya wiki ya kwanza kwamba amepokea pia tabia kadhaa asizozitaka: anauma mikono na vifundo vya miguu, anakojoa kwenye zulia, anatafuna ndala, analia usiku, anarukia wageni, na pengine anakula kinyesi chake mwenyewe. Ushauri nao hauchelewi kufika. Jirani atasema achapwe sasa hivi, kwa kuwa samaki mkunje angali mbichi. Mlinzi atasema afungwe mnyororo mchana kutwa ili awe mkali. Mwingine atasema asikaripiwe kabisa, bali apewe vitu vitamu kila anapotulia. Shauri hizi haziwezi kufuatwa zote kwa pamoja, na kinachowaharibu mbwa wengi ni mchanganyiko wake: asubuhi anachapwa kwa kumrukia baba mwenye nguo za kazini, jioni watoto wanamchekea anapowarukia wao. Makala haya yanaziweka njia hizo sambamba ili mwenye mbwa achague moja kwa sababu anazozielewa, kisha nyumba nzima iifuate.

Jambo la kuzingatia mapema ni kwamba tabia nyingi kati ya hizo hutokana na umri. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, makali kama sindano, ambayo huanza kung'oka anapofika miezi mitatu au minne, na meno 42 ya utu uzima huwa yamekamilika anapokaribia miezi saba. Katika kipindi hicho chote fizi humsumbua na kila kitu hupitia mdomoni. Kibofu chake nacho hakijakomaa, na kwa makadirio ya kawaida mbwa wa miezi miwili hawezi kubana mkojo mchana kwa zaidi ya saa mbili hadi tatu. Vilevile, kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi za maisha yake ndipo anapojifunza kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopwa: watoto, bodaboda, mwavuli, mtu aliyevaa kofia, ngurumo ya blenda. Kwa sababu hiyo kila njia inafaa ipimwe kwa maswali mawili. Je, inaiondoa tabia? Na je, inamwacha mbwa akiwa na imani na watu wa nyumbani baada ya meno kuota na kibofu kukomaa?

Fimbo na malipo

Adhabu ina sifa moja ya kweli, nayo ni kwamba matokeo yake huonekana papo hapo. Mbwa aliyepigwa kofi la pua huacha kuuma sekunde ileile, na aliyefokewa hunywea. Mpigaji anapata anachokitaka kwa muda ule, na ndiyo maana atapiga tena kesho. Lakini kuacha kitu kwa hofu ni tofauti na kujifunza cha kufanya badala yake. Mtoto wa mbwa anayechapwa kwa kukojoa sebuleni hafundishwi mahali pa kukojoa. Anachojua ni kwamba ni hatari kukojoa mbele ya mtu, hivyo hutafuta nafasi nyuma ya kochi. Baada ya hapo hata akitolewa nje hatajisaidia mbele ya bwana wake, na kazi yote inakuwa ngumu maradufu.

Ubaya huzidi pale adhabu inapochelewa. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yanapofuatana kwa sekunde moja au mbili. Anayeamka, akakuta dimbwi, kisha akamsugua mbwa pua kwenye mkojo wa saa nne zilizopita, anamwadhibu kwa kuwa alikuja kumsalimia. Wengi hujibu kwamba mbwa anajua kosa lake, maana huinamisha kichwa na kukwepa macho. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York aliuchunguza uso huo wa hatia. Wenye mbwa waliwakataza mbwa wao kula kipande cha chakula, wakatoka chumbani, na waliporudi wakaambiwa kama mbwa ametii au la, lakini wakati mwingine walichoambiwa hakikuwa kweli. Ilionekana kwamba uso wa hatia ulifuata karipio, awe mbwa amekula au hakula. Tunachokiona kwa mbwa aliyejikunyata mbele ya zulia lililolowa ni woga wa sauti yetu.

Njia ya malipo hufuata mkondo mwingine. Edward Thorndike wa Marekani, katika majaribio yake ya mwaka 1898 ya paka waliofungiwa ndani ya visanduku, alionyesha kwamba tendo linalofuatwa na matokeo mazuri hurudiwa, na baadaye yeye mwenyewe alipunguza uzito aliokuwa ameupa upande wa adhabu. Wafunzaji wa mbwa wanaitumia kanuni hiyo kila siku: lisubiri tendo unalolitaka, lilipe mara moja, na tendo usilolitaka lisizae chochote. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilipendekeza njia za malipo zitumike kwa mbwa wote, wakiwemo wakali, na kikaeleza kwamba vifaa vya kuumiza, kama mikanda ya shingoni inayomrusha mbwa kwa umeme, havina nafasi katika mafunzo. Huko Wales mikanda hiyo imepigwa marufuku tangu 2010.

Malipo hayahitaji biskuti za dukani. Dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, waliooshwa mchanga na kuchemshwa kidogo, wanafaa sana, na kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo kinatosha. Tuchukue mfano wa mbwa anayerukia wageni. Mgeni anabisha hodi, mbwa anakimbia, miguu ya mbele inainuka. Mgeni anageuza mgongo bila kusema neno wala kumsukuma, kwa kuwa kusukumwa nako ni mchezo. Mbwa anashuka, anashangaa, miguu yote minne iko chini: pale pale dagaa mmoja anaangushwa sakafuni, mbele ya pua yake. Akiinuka tena, mgongo tena. Kwa kuangusha chini badala ya kumpa mkononi, macho yake yanabaki sakafuni, na baada ya marudio ya kutosha huanza kukaa mwenyewe mlango unapogongwa.

Gharama ya njia hii ni subira, pamoja na kukubaliana. Kuna hatua moja inayowakatisha tamaa watu wengi, nayo ni kwamba tabia iliyozoea kuzaa matunda huongezeka kwa muda kabla ya kufifia. Mbwa aliyezoea kubweka hadi apewe chakula atabweka zaidi siku za mwanzo za kunyimwa. Mwenye nyumba akisalimu amri wakati huo, atakuwa amemfundisha kwamba kelele ndogo haitoshi. Ikiwa katika nyumba yako kuna mtu mmoja ambaye hatavumilia siku hizo, zungumza naye kabla ya kuanza, kwa sababu yeye peke yake anaweza kuivunja kazi ya wengine watano.

Kuuma

Kwa tabia hii njia tatu hushindana. Ya kwanza ni kumshika mdomo kwa nguvu au kumpiga pua. Baadhi ya mbwa hunywea, wengine huona wamealikwa kwenye mieleka na kurudi na meno zaidi, na wote hujifunza kwamba mkono unaokaribia uso ni wa kuogopwa. Ya pili ni kupiga ukelele mfupi, kama anavyofanya ndugu yake anapong'atwa kupita kiasi. Hii hufaa kwa mbwa wapole, lakini kwa wachangamfu ukelele huongeza moto. Ya tatu ni kuukatisha mchezo: meno yakigusa ngozi, unasimama, unatoka nyuma ya mlango kwa nusu dakika, unarudi ukiwa na kamba nene au kitambaa kilichofungwa mafundo, na mchezo unaendelea kwa kitu hicho. Ninaipendelea ya tatu, kwa kuwa inamwondolea mbwa kile anachokitaka zaidi, yaani mwenzake wa kucheza, na papo hapo inamwonyesha kinachoruhusiwa kuumwa.

Penye watoto, njia yoyote itashindwa mpaka watoto nao wafundishwe. Msichana anayekimbia huku pindo la kanga likipeperuka nyuma yake ni mchezo usiokatalika kwa mtoto wa mbwa, na kadiri anavyopiga kelele ndivyo anavyofuatwa. Wafundishwe kusimama tuli, kukunja mikono kifuani na kutazama pembeni, na wasiachwe na mbwa bila mtu mzima.

Hapa hakuna nafasi ya kuchagua kuhusu kichaa cha mbwa. Karibu maambukizi yote ya ugonjwa huo kwa binadamu, hadi asilimia 99 kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hutoka kwa mbwa, na dalili zikishaonekana mgonjwa hufa. Mtoto wa mbwa huchanjwa anapofikisha miezi mitatu. Jeraha lililotoboa ngozi, hata likiwa dogo na la mchezo, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aliyeumwa aende hospitali siku hiyohiyo ili waganga waamue kuhusu chanjo.

Mkojo: gazeti ndani au nje moja kwa moja

Anayeishi ghorofa ya nne na anayeishi nyumba yenye uwanja hawako katika hali moja, kwa hiyo chaguo hapa hutegemea makazi. Kutandika magazeti kwenye kona ya bafu kunamfaa wa ghorofani, hasa kabla chanjo hazijakamilika, kwa sababu virusi vya parvo, vinavyowaua watoto wa mbwa kwa kuhara na kutapika, hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi na mtoto wa mbwa asiye na kinga hapaswi kunusanusa mahali wanapopita mbwa wasiojulikana. Upungufu wake ni kwamba mbwa hujifunza kwa nyayo: akizoea kukojoa juu ya karatasi ndani ya nyumba, baadaye itabidi afundishwe upya kwamba ni udongo, tena nje, na katikati ya mafunzo hayo kila gazeti lililoanguka karibu na kochi litakuwa choo.

Kumtoa nje moja kwa moja huchosha zaidi mwanzoni lakini hufundishwa mara moja tu. Anatolewa anapoamka, anapomaliza kula, anapomaliza kucheza, na kila anapoanza kuzunguka huku akinusa sakafu. Abebwe au aongozwe hadi sehemu ileile ya uwanja, mtu asimame kimya bila kumchezesha, na akimaliza apewe dagaa palepale. Wanaomlipa baada ya kurudi mlangoni wanailipa safari ya kurudi ndani, kisha wanashangaa kwa nini anakimbilia mlangoni kabla ya kukojoa. Mwenye uwanja wake uliozungushiwa ukuta, ambamo mbwa wageni hawaingii, hana sababu ya kuanza na gazeti.

Katika kusafisha pia kuna chaguo, na wengi huchagua vibaya. Dawa zenye amonia humrudishia mbwa harufu inayofanana na ya mkojo wenyewe. Dawa za klorini zikikutana na amonia iliyomo kwenye mkojo hutoa mvuke unaoumiza mapafu. Sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya, iliyoloweshwa juu ya doa na kuachwa kwa muda kabla ya kufutwa, huvunja kile kinachotoa harufu. Deki ya maji matupu huondoa doa machoni petu, si puani mwake.

Usiku, mnyororo na kizimba

Kumwacha alie hadi anyamaze ni njia ya zamani, na ni kweli kwamba hatimaye hunyamaza. Lakini siku za kwanza amekwisha tenganishwa na mama na ndugu zake, na kilio hicho ni cha upweke. Njia inayozaa utulivu wa kudumu ni kumlaza karibu na watu, ndani ya boksi pembeni ya kitanda au nje ya mlango wa chumba, kisha kulisogeza boksi kidogo kidogo hadi mahali patakapokuwa pake. Akiamka usiku wa manane, atolewe akojoe na kurudishwa bila mazungumzo wala mchezo.

Najua kwamba kwa familia nyingi mbwa hakai ndani, na sababu zao ni za kuheshimiwa. Katika mwambao, familia za Kiislamu zinazofuga mbwa wa ulinzi huzingatia kwamba mate yake ni najisi, na katika madhehebu ya Shafii kilichorambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa nyumba kama hiyo kibanda kijengwe kikiegemea ukuta wa chumba wanacholala watu, kiwekwe kitambaa chenye harufu ya mama yake, na mtu akae naye jioni za mwanzo hadi asinzie. Kwa familia hizo hizo somo la kutorukia wageni ni haki ya jirani anayekwenda msikitini, na lianze siku ya kwanza.

Mchana swali hubadilika kuwa afungwe wapi. Mnyororo ni rahisi, hauhitaji fundi, na una watetezi wengi wanaoamini kwamba hutengeneza mlinzi mzuri. Mimi naupinga kwa mtoto wa mbwa bila kusita. Zile wiki ambazo angejifunza kuwazoea watu na vitu anazimaliza akitazama vikipita mbali naye, asivifikie wala asiweze kuvikimbia, na kinachokua ndani yake ni hofu. Mbwa mwenye hofu haulizi nani ni mwizi. Humuuma mtoto wa nyumbani aliyepita karibu na sahani yake. Mlinzi anayefaa ni yule anayejua hali ya kawaida ilivyo, ndipo atambue isiyo ya kawaida.

Kizimba ni bora kuliko mnyororo, kwa masharti. Kiwe na nafasi ya kumtosha kusimama, kugeuka na kulala kwa kujinyoosha. Kikizidi sana ukubwa atafanya upande mmoja kuwa choo. Aingie kwa kufuata chakula, mlango ukiwa wazi siku za mwanzo, na asifungiwe humo kama adhabu. Kwa mbwa wa miezi miwili, saa mbili au tatu za mchana ndizo mwisho. Kona ya baraza iliyozungushiwa mbao na wavu wa kuku inafanya kazi ileile kwa gharama ndogo, na kwa mtu anayekwenda kazini ni afadhali zaidi, kwa sababu ndani yake panaweza kuwekwa maji, matandiko upande mmoja na mahali pa kujisaidia upande mwingine. Hata hivyo, nyumba ambayo hubaki tupu kuanzia alfajiri hadi magharibi, bila hata mtu wa kupita saa sita mchana, ingefaa ichukue mbwa aliyekwisha kukua.

Kutafuna na kula kinyesi

Wengine hupaka viatu pilipili. Pilipili huwasha macho na pua za mbwa, huishia kwenye vidole vya watoto, na wapo mbwa wasioijali. Kuondoa vitu kunashinda dawa zote: viatu juu ya rafu, nyaya za umeme nyuma ya kabati, ndoo ya taka na mfuniko. Hapo hapo apewe vyake, kwa mfano kamba nene, mpira mgumu usiomezeka au karoti nzima iliyopozwa kwenye friji. Asipewe ndala kuukuu, kwa kuwa hawezi kuitofautisha na mpya. Asipewe gunzi la hindi, ambalo likimezwa huziba utumbo na kumpeleka kwenye upasuaji, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vyenye ncha. Akiwa tayari ameshika kiatu, usimfukuze, maana mbio ndizo anazozitaka. Mwonyeshe dagaa, akiachia mdomo mpe, kisha okota kiatu.

Kuhusu kinyesi, kuokota mara tu anapomaliza ndiyo njia inayotegemewa, ikienda pamoja na dawa ya minyoo, ambayo watoto wa mbwa huanza kupewa wakiwa na wiki mbili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wafikishe wiki 12. Kumpiga humfundisha kukila haraka kabla hujafika.

Kufundisha mwenyewe au kumlipa mkufunzi

Kwa tabia zote zilizotajwa, familia yenye mtu mmoja aliyepo nyumbani mchana inaweza kufanya kazi hii bila kulipa mtu. Mkufunzi anahitajika mbwa anapong'ata kwa kukakamaa na kunguruma akiwa juu ya chakula, anapojificha kila mgeni anapofika, au familia inapokuwa imejaribu njia moja kwa uaminifu na mambo yakazidi. Kabla ya hapo daktari wa mifugo amwone, kwa sababu mbwa aliyekuwa amekwisha kuzoea kukojoa nje kisha akaanza tena kukojoa ndani mara kwa mara anaweza kuwa na ugonjwa wa njia ya mkojo, na mwenye maumivu huuma asipotarajiwa.

Kati ya mkufunzi anayekuja nyumbani na yule anayemchukua mbwa akae naye kwa wiki kadhaa, chagua anayekuja. Mbwa wa kambini hurudi akimtii mkufunzi, lakini geti ni lilelile, watoto ni walewale, na anayemchekea akiruka bado yupo. Anayekuja nyumbani huwafundisha watu pamoja na mbwa, na kwa kawaida watu ndio wanaohitaji vipindi vingi zaidi. Kabla ya kumlipa, omba umtazame akifanya kazi na mbwa mwingine, mwulize anafanya nini mbwa anapokosea, na mtazame mbwa mwenyewe: mkia ulio huru na kichwa kilichoinuka, au tumbo linaloburuzika chini kila mkono unapoinuliwa.